TAA ZA UKUNGU ZATUTIA KIWI PWANI

Usiku ule tulikuwa tukirudi Mombasa kutoka arusini Malindi. Nikaha ilifungwa baada ya Isha, watu wakala, wakaombeana dua, na ilipokaribia saa tano tukaanza kuagana. Gari langu nilimpa mpwa wangu awachukue mama yake na watoto. Mimi nikapanda pikapu ya sahibu yangu mmoja, mtu mzima aliyeshika usukani kwa zaidi ya miaka thalathini, ili tupate kuzungumza njiani. Mpwa wangu akatangulia.

Tulikwisha kuvuka daraja la Kilifi na kuipita njia ya Takaungu, tunaikaribia Vipingo, ndipo tulipoliona gari likitujia. Halikuwasha taa fuli. Taa zake kubwa zilikuwa dimu kama itakiwavyo, lakini chini, kwenye bampa, zilikuwako taa mbili nyeupe zenye kuelekea ubuluu, kali kama cheche za mchomelea vyuma. Sahibu yangu akainua mkono kujikinga macho, akasema, "Huyu naye ana nini?" Kabla hajamaliza nikamwona mtu upande wetu wa kushoto, akisukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makaa. Nikisema nilimwona mtu mzima mzima nitakuwa nimeongeza chumvi. Nilichokiona ni pembe ya gunia na mguu mmoja. Nikapiga ukelele. Pikapu ikaenda kulia, ikawa nusura tukutane uso kwa uso na zile taa, ikarudi kushoto, ikasimama nusu juu ya lami na nusu juu ya mchanga.

Mzee wa makaa alikuwa amesimama palepale, salama, alhamdulillahi, akitukaripia kwa sauti kubwa, na haki alikuwa nayo. Lile gari nalo likasimama mbele kidogo, likageuka, likaja. Akashuka mpwa wangu. "Mjomba, kuna salama?" Mama yake alisahau mkoba kule arusini, na yeye alikuwa akirudi kuufuata.

Basi gari lililotutia kiwi lilikuwa gari langu. Na taa zile nilizinunua mimi mwenyewe, kwa pesa zangu, na kwa furaha.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili nijitetee. Gari langu, kama mengi ya hapa kwetu, lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, na lilikuja na taa zake za ukungu, zile ndogo za chini ambazo mafundi wetu huziita foglaiti. Zilikuwa za globu ya halojeni, mwanga wake wa rangi ya chai ya rangi. Fundi mmoja mjini akazitazama, akacheka, akaniambia, "Sheikh, hizi ni mishumaa." Akanionyesha boksi lenye globu mbili za eledi, limeandikwa tarakimu za kutisha. Kazi ya kuzitia haikuchukua hata nusu saa. Usiku nikakaa kwenye kiti changu, nikaiona lami mbele ya bampa imekuwa nyeupe kama unga wa ngano, nikaridhika. Katika miezi minane yote niliyozitumia, sikuwahi hata siku moja kushuka nikaenda kusimama pale asimamapo yule ajaye mbele yangu.

Baada ya usiku ule nilianza kuuliza na kusoma. Na la kwanza nililolijua lilinitia haya, nalo ni kwamba sikuwa nikijua taa ile imewekewa nini.

Ukungu ni matone madogo sana ya maji yaliyoning'inia hewani. Mwangaza ukiyapiga, sehemu yake hurudi palepale ulipotoka. Ndiyo maana dereva aliye katikati ya ukungu akiwasha fuli huona ukuta mweupe mbele yake. Waliotengeneza taa za ukungu walilijua hilo, wakaziweka chini, karibu na ardhi, wakazipa mwangaza mpana wenye kuenea kushoto na kulia, tena uliokatwa juu kwa mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Juu ya mstari ule panatakiwa giza. Dereva aone ukingo wa barabara na mstari wa kati, aende polepole, basi. Taa hii haikukusudiwa kuonyesha mbali, wala haikukusudiwa usiku mkavu.

Sasa tujiulize, ukungu huo tunao wapi sisi? Anayepanda Limuru alfajiri, akapita Kinale na kuteremka kuelekea Naivasha, anaujua ukungu. Anayekwenda Timboroa anaujua. Karibu na sisi wako watu wa Wundanyi, juu ya milima ya Taita, na asubuhi nyingine huonekana umande mzito kule Shimba Hills. Lakini kutoka Likoni hadi Lungalunga, au kutoka Nyali hadi Malindi, mtu aweza kuendesha mwaka mzima asikutane na ukungu wa kumzuia kuona. Tulicho nacho ni mvua ya masika. Na katika mvua taa hizi huongeza udhia, kwa sababu lami iliyolowa huwa kama kioo. Mwangaza uliolengwa chini hugonga maji, ukaruka mbele, ukaingia machoni mwa ajaye.

Kwa hivyo, tuseme kweli, kwetu taa za ukungu ni pambo. Ni kama pete. Na mapenzi haya hayakuanza jana. Sisi tuliokuwa watoto zamani tulikuwa tukichora magari ya mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953, na hakuna aliyechora gari lisilo na safu ya taa mbele. Joginder Singh aliyashinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976, na kwa kila mtoto wa Mombasa gari lenye taa nyingi lilikuwa gari la mshindi. Taa zile zilikuwa na kazi yake: mtu alikuwa akikimbia usiku katika njia za udongo na matope, mbele yake ng'ombe na mashimo. Sisi tulichukua sura, tukaiacha kazi. Leo utaiona matatu ya Mtwapa ina taa za ukungu jozi mbili, na utepe wa taa juu ya kioo, na zote zinawaka saa moja ya magharibi, mahali ambapo gari haliwezi kupita mwendo wa punda kwa msongamano.

Turudi kwenye globu, maana hapo ndipo penye siri yote. Ndani ya globu ya halojeni mna waya mwembamba sana uwakao. Waya ule una mahali pake, umepimwa kwa vipande vya milimita, na kikombe king'aacho nyuma yake kimefinyangwa kuufuata waya ule na si kitu kingine. Globu za eledi za kubadilisha hazina waya. Zina vijipande bapa vya kutoa mwanga, vimebandikwa mgongo kwa mgongo juu ya kipande cha chuma. Vikiwa kando hata kidogo na mahali pa ule waya, kikombe huutawanya mwangaza ovyo: mwingine juu, mwingine kando, na ule mstari wa rula hupotea. Ya zenoni ni hivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi. Globu ya halojeni ya wati 55, aina ya H11, hutoa takriban lumeni 1,350, na ya zenoni ya wati 35 hutoa kama 3,200. Umeongeza mwangaza mara mbili na zaidi katika kikombe kisichoweza kuushika.

Na mwenye gari hafaidiki. Hili ndilo lililonishangaza mno. Lami ikiwa nyeupe mno mita chache mbele yako, mboni ya jicho hujifinya, na kule mbali, ambako ndiko kwenye mtu wa baiskeli, kunazidi kuwa giza. Unajiona waona sana, kumbe waona karibu tu.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hulichanganya kwa makusudi au kwa kutojua. Boksi huandikwa Kelvini 6,000, mara 8,000, na kijana akadhani kadiri nambari inavyopanda ndivyo nuru inavyozidi. Hasha. Kelvini hapo ni rangi. Chini, kwenye 3,000, ni manjano. 6,000 ni nyeupe. Ukizidi hapo unaingia kwenye buluu, na mwangaza wenye buluu nyingi ndio uchomao macho zaidi usiku. Wafaransa waliyalazimisha magari yao kuwa na taa za manjano tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993. Ati manjano hupenya ukungu? Si sana, maana matone ya ukungu ni makubwa, hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Lakini macho huistahamili manjano kuliko buluu, na hilo peke yake lina thamani yake.

Jicho lililotiwa kiwi halipoi papo hapo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde tano kurudisha kuona kwake, atakuwa amekwenda mita 110, yaani zaidi ya uwanja wa mpira, bila ya kuona. Na sekunde hizo huzidi kwa wenye umri, na zaidi kwa mwenye mtoto wa jicho, kwani ule utando humtawanyia mwanga ndani ya jicho lenyewe. Sahibu yangu hana maradhi ya macho. Ana miaka sitini na mbili tu.

Tena mfikirie anayekuwa katikati ya magari mawili wakati huo. Wakati wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mama zetu na dada zetu hurudi majumbani kwa miguu, wamevaa mabuibui meusi, na weusi ule haurudishi nuru yoyote. Hamali yuko na mkokoteni wake usio na taa. Watoto wametumwa dukani. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka, nasi tukadhani udhia ni mwiba na jiwe.

Nchi nyingine zimekwisha kuliandikia sheria jambo hili. Uingereza dereva hakubaliwi kuwasha taa za ukungu ila pale asipoweza kuona vizuri, kwa kawaida chini ya mita 100, na kwenye ukaguzi wa kila mwaka gari lenye taa kubwa za halojeni lililotiwa zenoni au eledi hukataliwa. Ujerumani ilikuwa haikubali kabisa globu za eledi za kubadilisha mpaka mwaka 2020, ilipoidhinisha ya kampuni ya Osram, nayo kwa magari yaliyotajwa aina moja moja, baada ya kupimwa.

Nisisahau taa kubwa zinazoletwa kutoka Dubai zikiwa spea za mtumba. Kule gari hupita kulia, kwa hivyo taa yao ikiwa dimu huinua mwangaza upande wa kulia, kwenye ukingo wao. Ukiitia kwenye gari la hapa, ukingo huo ndio macho ya anayekuja. Hakuna kuirekebisha.

Na wale wanaokwepa eledi wakatia halojeni ya wati 100? Hesabu yake ni nyepesi. Wati 55 kwa volti 12 huvuta ampea nne na nusu hivi, na wati 100 huvuta zaidi ya nane. Taa mbili ni kama kumi na saba, na waya pamoja na fyuzi vilipimwa kwa tisa. Fyuzi hukatika, fundi mvivu akatia kipande cha waya wa shaba mahali pake, na hapo ndipo soketi huyeyuka na moshi ukatoka chini ya boneti.

Mimi nilikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa makamo, mpole. Hakunicheka. Alizitoa zile globu, akanirudishia halojeni za wati 55, jozi mpya, kwani moja ikizeeka nyingine haiko mbali. Akavisugua vioo vya taa vilivyokuwa na ukungu wake wenyewe wa jua na chumvi ya bahari, na wallahi hilo peke yake lilizidisha mwangaza kuliko nilivyotarajia. Akanionyesha kwenye kioo alama ya herufi E ndani ya duara, na pembeni yake herufi B, akasema, "Ukitaka eledi, nunua taa nzima iliyotengenezwa kuwa eledi, yenye alama ile ya E. Usininunulie globu."

Kisha akalisimamisha gari mahali tambarare, mita kumi kutoka ukutani. Akapima kutoka ardhini hadi kitovu cha taa: sentimita 52. Akaenda ukutani na chaki, akapiga mstari kwenye 32. Akazungusha skrubu taratibu mpaka ncha ya juu ya mwangaza ikalala sawasawa juu ya mstari. Taa ya kulia ilikuwa imeinuka kiasi cha kiganja. Nikamwuliza tangu lini. Akasema, "Tangu ulipogonga bampa, lini uligonga?" Nilikuwa nimegonga kijiwe cha kuegesha mwaka mmoja nyuma.

La mwisho alilolifanya ni kutenganisha waya. Fundi wa kwanza aliziunga taa zile na taa za kuegesha, zikawa zinawaka kila nikiwasha chochote. Sasa zina swichi yake, na tangu siku ile nimeibonyeza mara moja tu, nikipanda Wundanyi kwenye maziko, asubuhi, ukungu ukiwa umeifunika njia.

Mpwa wangu hakufurahi. Alipoliendesha usiku wa kwanza alirudi akaniambia, "Mjomba, gari limekuwa kipofu." Nikamchukua tukaenda uwanjani, nikamsimamisha mbele ya gari mimi nikawasha, kisha nikazishika zile eledi kwenye soketi, nikawasha tena. Akageuza uso. Hakusema kitu. Lakini globu zenyewe ziko katika kopo la maziwa juu ya kabati, na wiki iliyopita alikuja kuniomba, ati rafiki yake atazinunua kwa bei nzuri. Sijampa.