Arnold Dolmetsch: Fundi Aliyefufua Ala za Nyuzi za Kale

Je, kilicho kipya ni bora daima kuliko cha zamani? Katika karne ya 19 wanamuziki wengi wa Ulaya walijibu "ndiyo" bila kusita. Kwao fidla na piano za wakati wao zilikuwa kilele cha safari ndefu. Ala za kale zilikuwa hatua za njiani tu, na mahali pake ni makumbusho. Arnold Dolmetsch alitumia maisha yake kuonyesha kasoro ya jibu hilo.

Ni nani huyu?

Dolmetsch alizaliwa mwaka 1858 huko Le Mans, Ufaransa, katika familia ya mafundi wa vinanda. Hivyo alijifunza muziki na kazi ya karakana kwa pamoja. Alisoma fidla Brussels, akaendelea na masomo London, kisha akawa mwalimu wa fidla huko Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika maktaba ya British Museum, alikuta maandishi mengi ya muziki wa Kiingereza wa karne za 16 na 17, uliotungwa kwa ajili ya ala ambayo karibu hakuna aliyeipiga tena: viola da gamba.

Ala yenyewe

Jina hilo ni la Kiitaliano, maana yake "viola ya mguu", kwa sababu mpigaji huishika kati ya miguu. Kwa kawaida ina nyuzi sita za utumbo wa kondoo, na shingo yake imefungwa kamba za utumbo zinazogawa sauti, kama vile vyuma vya shingo ya gitaa. Hupigwa kwa upinde, kiganja kikielekea juu. Sauti yake ni ya upole. Haijazi ukumbi mkubwa, lakini watu watano wakipiga pamoja sebuleni, kila sauti husikika waziwazi. Miongoni mwa waliotunga kwa ala hizi ni William Byrd, Mkatoliki ambaye pia alitunga Misa tatu za Kilatini wakati Misa ilipopigwa marufuku Uingereza.

Kazi yake

Dolmetsch aliona kwamba nota peke yake hazitoshi. Nota hutaja sauti ya kupigwa. Hazielezi yote kuhusu mwendo, mapambo na uzito wa upinde. Basi akatafuta viola za zamani, akazikarabati na kuzipiga. Mwaka 1893 aliunda luti yake ya kwanza. Luti ni ndugu wa Ulaya wa udi wa Waarabu, ule ule tunaousikia katika taarabu ya Zanzibar. Alifanya kazi pia katika viwanda vya piano huko Boston na Paris. Mwaka 1915 alitoa kitabu juu ya upigaji wa muziki wa karne za 17 na 18, akiwaacha waandishi wa enzi hizo wajieleze wenyewe.

Mwaka 1925 alianzisha tamasha katika mji mdogo wa Haslemere, Uingereza, akipiga pamoja na mke na watoto wake. Wahakiki wengine walilalamika kwamba mazoezi hayakutosha. Hata hivyo, njia ilikwisha kufunguliwa. Alifariki mwaka 1940, na leo zipo okestra nzima zinazopiga Bach kwa ala za mtindo wa enzi zake.

Tunajifunza nini?

Wanafalsafa wa shule ya Mt. Thomas wa Akwino husema kwamba kinachopokewa hupokewa kadiri ya hali ya mpokeaji. Muziki nao hupokewa kadiri ya ala: ukibadili ala, umebadili kinachosikika. Kwa mtazamo kama huo wamonaki wa Solesmes, abasia isiyo mbali na Le Mans, walirudia miswada ya kale ili kuusahihisha wimbo wa Kigregoriani.

Lakini tahadhari inahitajika. Mwaka 1947, katika Mediator Dei, Papa Pius XII alionya dhidi ya kurudisha mambo ya kale katika liturujia kwa sababu tu ni ya kale. Dolmetsch naye hakuzitoa ala makumbusho ili azigeuze kuwa mabaki matakatifu. Alizitoa zipigwe nyumbani, na watoto wakiwemo. Kabla kwaya zetu hazijaweka stoo ala za wazee au vitabu vya nyimbo vya zamani, tujiulize swali lake: je, tumekwisha kuvisikia jinsi vilivyokusudiwa kusikika?