Risasi za Eldoret na Amani ya Kiplombe

Katika wadi ya Kiplombe, pembezoni mwa mji wa Eldoret, mikutano ya amani huwa mingi uchaguzi unapokaribia, kama kwingineko Uasin Gishu. Chifu huja, wazee na wachungaji huja, vijana huonywa wasikubali kutumiwa na wanasiasa, na watu hutawanyika wakiomba yasirudi machafuko ya baada ya uchaguzi ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Hofu hiyo si ya bure. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na hakuna mkoa ulioumia kuliko Bonde la Ufa. Nje kidogo ya Eldoret, kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa watu waliokimbilia humo. Hata hivyo, naona mikutano hii inaacha jambo zito nje ya mlango. Eldoret ndipo zinapotengenezwa risasi za Kenya, na wanaopigania amani katika mji huu wana haki, tena wana wajibu, wa kuuliza risasi hizo zinakwenda wapi.

Shirika la Kenya Ordnance Factories, lenye kiwanda hicho cha risasi, liliundwa mwaka 1997, na mitambo yake ilitoka kwa kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji. Mradi ulipojulikana, wanaharakati wa huko Ubelgiji waliupinga. Rwanda ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika mauaji ya kimbari na Burundi ilikuwa vitani, wakaogopa kwamba risasi zingevuka mipaka. Kilichokuja kuthibitishwa ni kwamba hazikuhitaji kuvuka mpaka wowote. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha utafiti wa James Bevan kuhusu Turkana Kaskazini. Ukiligeuza ganda la risasi ukalitazama kitakoni, utaona alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma: alama ya kiwanda, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Kwa alama hizo, risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji zililinganishwa na zile za polisi. Ikabainika kuwa karibu nusu ya risasi zilizozagaa kinyume cha sheria katika wilaya ile zilitoka kwa polisi wenyewe, na kwamba zilitengenezwa Eldoret. Hazikuibwa ghalani usiku. Polisi waligawa risasi kwa wenyeji ili wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, kwa kuwa serikali haikuwa na askari wa kutosha kuwalinda. Nia ilieleweka, lakini udhibiti ulikuwa hafifu, na risasi ya kulinda mifugo ni ile ile ya kwenda kuipora.

Mtu wa Kiplombe anaweza kusema kwamba Turkana ni mbali, na kwamba mwaka 2008 Uasin Gishu iliteketezwa kwa kiberiti, panga na mishale, wala si kwa bunduki. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ripoti ile ile ya Waki inaonyesha kwamba kati ya waliokufa nchini, 405 waliuawa kwa risasi, yaani zaidi ya theluthi moja, na sehemu kubwa ya risasi hizo zilifyatuliwa na polisi. Umbali nao si hoja. Murkutwo, bondeni Marakwet, ambako zaidi ya watu 50 waliuawa Machi 2001, ni mwendo wa saa chache tu kutoka Eldoret. Tunajua kukataa silaha kubwa. Bara letu lilikataa bomu la nyuklia kwa Mkataba wa Pelindaba ulioanza kutumika mwaka 2009, na lilikuwa na sababu: Ufaransa ilianza kulipua mabomu yake ya majaribio katika jangwa la Algeria mwaka 1960. Nauheshimu sana msimamo huo. Lakini silaha inayomzika mtoto wa mfugaji katika bonde la Kerio ni ndogo, hubebwa begani, na haina maana bila risasi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wafugaji wenyewe: ukikaza risasi, ni nani atakayetulinda? Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya askari wa akiba wa polisi bunduki zao, wenyeji wakalalamika kwamba wameachwa wazi mbele ya majambazi, na baadaye ikabidi askari hao wapewe silaha tena. Misako ya kutwaa silaha kwa nguvu ilikuwa na ubaya wake: jamii iliyosalimisha bunduki ilibaki ikimtazama jirani ambaye bado anazo. Kwa hiyo sisemi risasi zikatwe ghafla. Nasema zihesabiwe, na hesabu iende sambamba na kazi ya kupatanisha watu, ambayo Eldoret inaijua kuliko miji mingi. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret, aliyefariki Oktoba 2017, aliwapa hifadhi maelfu ya watu katika uwanja wa kanisa kuu la Sacred Heart wakati wa machafuko. Jimbo lake lilikuwa limejifunza, tangu mapigano ya 1992, kwamba amani haianzi kwa mkutano wa hadhara. Huanza kwa mazungumzo na mtu mmoja mmoja, kisha vikundi vidogo. Kila jamii hutoa machungu yake yenyewe kwa yenyewe kabla ya kukutana na ile nyingine, na mwishowe hupatikana mradi ambao hakuna upande unaoweza kuufaidi peke yake, kama vile barabara au shule. Njia hii iliandikwa mwaka 2009 katika kitabu kiitwacho Amani Mashinani. Huchukua muda mrefu, na uvamizi mmoja wenye magunia ya risasi nyuma yake unaweza kuibomoa kwa wiki moja.

Watakaokuja juu ni wanaosema kwamba kiwanda cha risasi ni siri ya ulinzi, kinaipunguzia nchi gharama ya kununua nje, na kinawapa vijana wa hapa ajira. Ajira naikubali, na sijasema kiwanda kifungwe. Hakuna anayetaka kujua jeshi lina risasi ngapi. Kinachotakiwa ni kila shehena igongwe alama inayoonyesha ilipewa kituo gani cha polisi, na bunge lipokee kila mwaka hesabu ya zilizogawiwa na zilizorudi. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa lililozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha mwaka 2013, unaomtaka muuza silaha apime kwanza zitatumikaje. Tulilolidai kwa wengine huko New York tunaweza kulidai Eldoret, na zaidi sasa, kwa kuwa tangu 2021 kuna kiwanda cha bunduki Ruiru. Raia wa kawaida wanaweza kuyauliza haya. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao. Mwaka 2024 waliandamana, wakarushiwa vitoa machozi, na hawakuacha kudai majibu kuhusu ardhi na bahari yao. Kamati ya amani ya Kiplombe haihitaji hata kuandamana ili kuanza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila Mkenya nafasi ya kuandikia ofisi ya umma akiuliza, na ofisi ikikataa kwa kisingizio cha usalama, itabidi ieleze kwa maandishi kwa nini orodha ya risasi walizopewa askari wa akiba ni siri kwa mtu ambaye huenda ndiye atakayepigwa nazo.