Jinsi corona ilivyokata miguu ya vitongoji vya Nairobi

Alasiri ya Machi 27, 2020, vituo vya matatu jijini Nairobi vilifurika watu waliokuwa na hofu moja: kukutwa barabarani saa moja jioni. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya kafyu ya kitaifa, wiki mbili tu baada ya Wizara ya Afya kuthibitisha kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini mnamo Machi 13.

Kafyu hiyo, iliyodumu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliwekwa kote nchini. Hata hivyo, uzito wake haukuwa sawa kila mahali. Wakazi wa vitongoji kama vile Ongata Rongai, Kitengela, Ruiru na Mlolongo walilemewa kwa namna ya pekee, na sababu yake imo katika jinsi vitongoji vyenyewe vinavyoishi.

Mkazi wa kitongoji hulala katika kaunti moja, hufanya kazi katika nyingine, na si ajabu apate sehemu ya chakula chake kutoka kwa shamba la jamaa katika kaunti ya tatu. Maisha yake yameshonwa kwa uzi wa safari. Wahenga walisema riziki ya mbwa iko miguuni mwake. Masharti ya kudhibiti ugonjwa yalilenga miguu hiyo hasa, kwa kuwa virusi navyo havina miguu ila ya binadamu anayevibeba, mara nyingine bila yeye mwenyewe kuhisi dalili zozote.

Pigo la kwanza lilitua kwenye matatu. Ili abiria wasikaribiane, gari la viti 14 liliagizwa kubeba watu wanane pekee. Mafuta hayakupungua, wala mkopo wa gari haukusubiri. Hesabu yake ni nyepesi: ikiwa abiria 14 walilipa Sh100 kila mmoja, mwenye gari alikusanya Sh1,400. Ili kupata kiasi hicho hicho kutoka kwa watu wanane, nauli ilibidi ipande hadi Sh175. Aliyeishi karibu na kazi yake aliweza kutembea. Aliyeishi Rongai au Kitengela hakuwa na hiari hiyo. Magari hayakuruhusiwa kujaza viti vyote tena hadi Agosti 9, 2021.

Pigo la pili lilikuwa la saa. Soko la kitongoji huchangamka jioni, wafanyakazi wanaposhuka matatu wakielekea nyumbani. Mama mboga, mwuza samaki wa kukaanga, mpika chapati na mchuuzi wa mitumba hutegemea kipindi kifupi cha baina ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Kafyu ilikimeza karibu chote. Mchana, wateja wake walikuwa jijini au wamefungiwa ndani. Usiku, hakuruhusiwa kuwa nje.

Waliochelewa njiani siku za mwanzo walikumbana na rungu la polisi. Mnamo Aprili 1, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kutokana na ukatili uliotendwa wakati wa kutekeleza kafyu. Saa za kafyu zililegezwa baadaye: hadi saa tatu usiku mnamo Juni mwaka huo, na hadi saa tano usiku mwishoni mwa Septemba.

Pigo la tatu lilikuwa mpaka. Kuanzia saa moja jioni ya Aprili 6, 2020, ilipigwa marufuku kuingia au kutoka eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake. Eneo hilo lilijumuisha Kaunti ya Nairobi, sehemu ya Kiambu hadi daraja la mto Chania, sehemu ya Machakos hadi Athi River, pamoja na Kitengela, Kiserian, Rongai na mji wa Ngong katika Kaunti ya Kajiado.

Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Watu hawakuruhusiwa. Hivyo basi, gunia la viazi liliweza kuvuka daraja la Chania kutoka Murang'a, lakini mwana aliyeishi Ruiru hakuweza kuvuka kwenda kumjulia hali mamaye. Hata mazishi yalibanwa yakawa ya waombolezaji 15. Marufuku hayo yaliyokusudiwa kudumu siku 21 yaliongezwa muda mara kadhaa hadi yakaondolewa Julai 7, 2020. Yalirejea Machi 2021 kwa kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, yakaondolewa mwezi Mei.

Ndani ya nyumba, mzigo mwingine ulikuwa unasubiri. Shule zilifungwa kuanzia Machi 16, 2020. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12; wengine walisubiri hadi Januari 4, 2021. Masomo yalipeperushwa kupitia redio na televisheni, na shule zilizojiweza zikafundisha kwa intaneti. Katika nyumba yenye simu moja na watoto watatu, lakini, ilibidi mzazi achague ni nani asome. Vitongoji hivi pia vimejaa shule za kibinafsi, ambazo mishahara ya walimu wake hutoka kwa karo. Karo ilipokoma, mwalimu naye akawa hana kitu.

Serikali ilipunguza ushuru wa thamani ya ziada kutoka asilimia 16 hadi 14, na kuwaondolea kodi ya mapato waliolipwa mshahara wa hadi Sh24,000 kwa mwezi. Nafuu hiyo ilimfaa mwenye mshahara. Aliyeachishwa kazi hakuwa na kodi ya kuondolewa, ilhali kodi ya nyumba haikuguswa na agizo lolote. Mpangaji aliachiwa huruma ya mwenye nyumba.

Msaada wa karibu zaidi ulitoka mikononi mwa watu wenyewe. Ada za kutuma hadi Sh1,000 kwa M-Pesa ziliondolewa tangu Machi hadi mwisho wa 2020, na kiasi kidogo kikaweza kumfikia ndugu bila makato. Vyama vya akina mama viligeuza michango kuwa unga. Wenye magari waliopoteza kazi waliegesha kando ya barabara, wakafungua buti na kuuza mayai, vitunguu na matunda.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na sharti la kuvaa barakoa hadharani likafuata Machi 11, 2022. Kufikia hapo, zaidi ya Wakenya 5,600 walikuwa wamethibitishwa kufa kutokana na ugonjwa huo. Idadi hiyo yaonyesha kwamba tahadhari haikuwa mchezo. Lakini "kaa nyumbani" ni agizo linalomfaa anayelipwa akiwa nyumbani. Kwa kitongoji, ambacho nyumba ni pa kulala na riziki iko ng'ambo ya barabara, agizo hilo lilikuwa na bei, na wakazi waliilipa wenyewe, siku baada ya siku.