Nafasi ya Mwanafunzi wa Mafunzo kwa Vitendo katika Uchapishaji wa Vitabu vya Kitaaluma vya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza nafasi ya mwanafunzi wa chuo kikuu anayefanya mafunzo kwa vitendo katika shirika la uchapishaji wa vitabu vya kitaaluma. Uchapishaji wa aina hiyo una mizizi nchini Tanzania. Tanzania Publishing House iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1972 ilishiriki kuchapisha How Europe Underdeveloped Africa, kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi hufundisha uchapishaji kama taaluma inayojitegemea. Hata hivyo, mwanafunzi wa isimu au fasihi anaweza kuhitimu bila kuwahi kuona mswada ukigeuka kitabu. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa na mafunzo kwa vitendo.

2.0 Kuchapa na Kuchapisha

Kimofolojia, kitenzi kuchapisha ni kauli ya kutendesha ya kuchapa. Mchapishaji, basi, si lazima awe na mtambo wa chapa; yeye ndiye anayesababisha kitabu kichapwe, akakigharimia na kuwajibika kwa yaliyomo. Mwanafunzi anayetarajia kukuta mitambo hukuta meza, kompyuta na rundo la miswada. Kazi iliyopo mbele yake ina hatua kuu tano: kutathmini mswada, kuuhariri, kusanifu kurasa, kusoma prufu na kusambaza kitabu.

3.0 Kazi Zinazomfaa Mwanafunzi

Hatua ya kusoma prufu humpa mwanafunzi nafasi ya kutumia alichojifunza darasani. Programu ya kompyuta iliyowekewa kanuni za Kiingereza huweza kukata neno la Kiswahili mwishoni mwa mstari mahali pasipostahili. Anayefahamu kwamba ng' ni konsonanti moja, na kwamba silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hutambua kosa hilo na kueleza sababu ya kulisahihisha.

Utayarishaji wa faharasa nao hudai uamuzi wa kitaalamu. Je, kitenzi na vitenzi viorodheshwe chini ya K au V? Iwapo uamuzi haukufanywa mapema, kurasa za dhana moja hutawanyika mahali pawili, na mtafiti hupata nusu tu ya anachokitafuta.

4.0 Mipaka na Haki

Mafunzo haya hukabiliwa na hatari tatu. Kwanza, mwanafunzi hutumwa kutoa nakala na kupeleka vifurushi hadi muda wake ukaisha. Pili, na kinyume chake, huachiwa uhariri wa mswada mzima bila msimamizi, na jina lake lisitajwe popote. Katika hali ya kwanza mwanafunzi hapati ujuzi. Katika hali ya pili msomaji hana hakika ya kitabu.

Hatari ya tatu inahusu siri ya tathmini. Jumuiya ya wataalamu wa Kiswahili ni ndogo. Mswada ulio mezani unaweza kuwa wa mhadhiri wa mwanafunzi huyo, na aliyeukosoa akawa mtahini wake wa kesho. Akiyajua majina hayo, mwanafunzi hubebeshwa siri asiyoweza kuitua, na mhakiki hupoteza uhuru wa kusema kweli. Kwa hiyo, ripoti za wahakiki zisimfikie kabla majina hayajaondolewa.

5.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba mwanafunzi apitishwe katika hatua zote chini ya mhariri mmoja anayewajibika, na mchango wake utajwe katika shukurani za kitabu. Aidha, tathmini ya chuo isitegemee barua ya mahudhurio pekee. Mwanafunzi awasilishe kurasa kadhaa alizosahihisha, kwa idhini ya mwandishi na mchapishaji, pamoja na sababu ya kila badiliko. Hapo mtahini ataweza kupima kama mwanafunzi alijifunza kuhariri au alikaa tu ofisini.