Nakuru Ilipokuwa Uganda

Apandaye Menengai asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka, huuona mji wa Nakuru wote pamoja na ziwa lake, na upande wa magharibi huiona milima ya Mau imesimama kama ukuta. Mahali hapo anapokanyaga palikuwa Uganda hadi mwaka 1902. Maneno hayo nimewaambia wanafunzi mara nyingi, na hawakosi wanaocheka wakidhani mwalimu anawatania.

Si utani. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 waliiita Reli ya Uganda, kwa kuwa shabaha yao ilikuwa Ziwa Viktoria na chimbuko la Mto Naili. Nchi iliyokuwa katikati ilikuwa njia tu. Baada ya Nairobi wakakutana na Bonde la Ufa. Ukingo wake wa mashariki ulikuwa mkali hata ikabidi, kwa muda, mabehewa yateremshwe kwa nyaya nene za chuma. Nakuru ikafikiwa mwaka 1900, Mau ikapandwa, na mwezi Desemba 1901 reli ikagusa ziwa mahali tupaitapo Kisumu.

Hapo ndipo shida ya utawala ilipozuka: reli moja, serikali mbili. Dawa yake ilikuwa kuuhamisha mkoa ule mzima uwe chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, mwezi Aprili 1902. Vitabu vyetu hupenda kutanguliza mpaka, kisha reli. Ukweli ni kinyume chake. Wamaasai waliochunga Naivasha na Nakuru hawakuulizwa mpaka upite wapi. Kwa mapatano ya mwaka 1904 wengi wao walihamishiwa Laikipia ili kuwapisha walowezi waliotaka mashamba kandokando ya reli, na baada ya mapatano ya 1911 wakaondolewa huko pia, wakapelekwa kusini.

Uganda nayo ikabaki ikitazama bahari kupitia dirisha la jirani. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Wakenya walighadhibika, mizigo ya Uganda ikasusiwa bandarini Mombasa, naye akalegeza kauli. Hakushindwa kwa risasi hata moja.

Walakini ushahidi mchungu zaidi tuliushuhudia wenyewe mwezi Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, barabara kuu ilifungwa kwa mawe na moto; reli nayo iling'olewa Kibera. Sisi tulikuwa tukizika wafu wetu. Wakati huohuo petroli iliadimika Kampala, na hata Kigali, mji wa milimani ulio mbali nasi kwa mwendo wa siku kadhaa za lori. Watu ambao hawakuwa na kura katika uchaguzi wetu walisimama foleni kwa sababu yake.

Mwanafunzi mmoja, tukiwa juu ya Menengai, aliniuliza: "Mwalimu, mpaka ungalibaki Naivasha, sisi tungalikuwa raia wa nchi isiyo na bahari?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, na bei ya mafuta yetu ya taa ingalipangwa na fujo za watu wengine.