Simu Ndiyo Huamua: Kuhama kwa Vifaa na Kubadili Bendi katika Mitandao ya Meshi, kwa Mifano ya Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna simu na kompyuta zinavyohama kutoka kituo kimoja cha waifai hadi kingine, na kutoka bendi moja hadi nyingine, ndani ya mtandao wa meshi wa nyumba au wa jengo dogo la jumuiya. Hoja kuu ni kwamba uamuzi wa kuhama hufanywa na kifaa cha mtumiaji, wala si na mtandao. Kwa hiyo mradi unaotathminiwa kwa idadi ya ruta zilizofungwa hupima jambo lisilo kiini cha tatizo. Mifano inatokana na mazingira ya kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, na jiji la Lilongwe nchini Malawi.

Utangulizi

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kwa kuweka vizuizi kadhaa, kikiwemo kinachohusu uhuru wa kutembea na kuishi popote, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee kambini. Kwa mtu asiyeweza kuhamia mjini kufuata chuo au soko, intaneti ndiyo njia ya kuvifikia. Si ajabu kwamba mwaka 2010 Dzaleka, pamoja na Kakuma nchini Kenya, ilikuwa miongoni mwa kambi za kwanza kufanyiwa majaribio ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao chini ya Wajesuti.

Wasemaji wa Kiswahili cha Kivu huuita mtandao “rezo”, neno lililotoka katika Kifaransa. Neno hilo lina faida na lina hasara. Faida yake ni ufupi. Hasara yake ni kwamba “rezo ni mbaya” husemwa pale mnara wa kampuni ya simu unapozidiwa, pale bando linapokwisha, pale ruta ya jirani inapoingilia mawimbi, na pale simu yenyewe inapong’ang’ania kituo ilichokiacha nyuma. Hizo ni kasoro nne, na kila moja ina dawa yake. Makala haya yanashughulikia hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo isiyoeleweka sana na ndiyo inayogharimu fedha nyingi za miradi bila kutibiwa.

Nani huamua kuhama?

Mtandao wa meshi ni mtandao wenye umbo la wavu: vituo kadhaa vidogo vinawasiliana kwa mawimbi, na kimoja au viwili tu ndivyo vilivyounganishwa moja kwa moja na intaneti. Nje, vyote hutangaza jina moja. Mtumiaji huona mtandao mmoja. Simu yake huona vituo vitatu au vinne vyenye jina hilo, kila kimoja na anwani yake.

Watu wengi hudhani kwamba mtandao huo humpokeza mtumiaji kutoka kituo hadi kituo kama minara ya simu inavyofanya. Sivyo. Katika mitandao ya simu za mkononi, mnara ndio huiamuru simu wakati wa mazungumzo ihamie mnara mwingine. Katika waifai, tangu viwango vya kwanza vya IEEE vya mwaka 1997, simu ndiyo huchagua kituo, hukaa nacho, na hukiacha inapotaka. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli zikilinganishwa na miliwati moja, na kadiri namba hasi inavyokuwa kubwa ndivyo mawimbi yanavyokuwa dhaifu. Kampuni ya Apple imechapisha kanuni yake: iPhone huanza kutafuta kituo kingine pale mawimbi yanaposhuka chini ya −70, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya miliwati. Hata hapo haihami mpaka ipate kituo kinachosikika kwa desibeli 8 zaidi ikiwa inatuma data, au 12 ikiwa imetulia. Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu hawachapishi kanuni zao, na ndizo simu zinazojaa mikononi Dzaleka na Lilongwe vilevile.

Kuna sababu ya ukaidi huo. Ili kujua vituo vingine, simu hulazimika kuacha kwa muda chaneli inayotumia na kwenda kusikiliza nyingine. Kituo cha kawaida hujitangaza kila baada ya milisekunde 102.4. Simu ikiamua kusikiliza tu bila kuuliza, chaneli ishirini na zaidi zitaila sekunde mbili na ushee, na betri pia. Kwa hiyo simu husubiri mpaka hali iwe mbaya kweli.

Hapa ndipo kosa la kawaida la mafundi linapozaliwa. Mtumiaji analalamika kwamba mawimbi ni hafifu. Fundi anapandisha nguvu za ruta zote hadi kikomo. Simu sasa inaisikia ruta ya mbali kwa −65, haioni sababu ya kuhama, na inabaki nayo. Lakini simu yenyewe hutuma kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Inasikia, haisikiki. Kwenye kioo alama ya waifai imejaa, na mazungumzo yanakatikakatika. Mara nyingi dawa ni kupunguza nguvu za ruta ili eneo la kila moja liwe dogo na simu ipate sababu ya kuondoka, ushauri ambao mteja aliyelipia vifaa vyenye nguvu huupokea kwa shida.

Bendi mbili na ukuta wa tofali

Waifai ya nyumbani hutumia zaidi bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Hata katika uwanja wazi, kwa nguvu ileile na antena za aina ileile, mawimbi ya bendi ya 5 hufika yakiwa dhaifu kwa takriban desibeli 7, yaani karibu moja ya tano ya yale ya 2.4. Ukuta huongeza pengo hilo, na tofali la udongo lililolowa masika huliongeza zaidi. Bati haliyapitishi, huyarudisha. Fidia ya bendi ya 5 ni nafasi: ina chaneli nyingi, ilhali ya 2.4 ina tatu tu zisizogongana, yaani namba 1, 6 na 11.

Katika nyumba ya Lilongwe yenye uzio na nafasi kubwa kutoka kwa jirani, bendi ya 2.4 inaweza kutosha siku nzima. Ndani ya Dzaleka, ambako nyumba za tofali zimebanana, ruta mbili tatu zilizowekwa bila mpango kwenye chaneli moja hugawana hewa ileile. Zinasikiana, hivyo hupokezana zamu, na kasi ya kila moja hupungua. Ukaribu wa kuta, kwa upande mwingine, huifanya bendi ya 5 ifae kwa vyumba vilivyo jirani na kituo: haifiki mbali, kwa hiyo haimsumbui mtu wa mtaa wa pili. Udhaifu wake hugeuka kuwa adabu.

Ruta nyingi huzipa bendi zote mbili jina moja na kujaribu kuisukuma simu kuelekea 5. Mbinu yake ni ya kijanja kidogo: simu ikiomba kujiunga kwenye 2.4, ruta hujifanya haikusikia, kwa matumaini kwamba simu itajaribu kwenye 5. Simu isiyo na redio ya 5 huendelea kubisha hodi mlangoni mpaka ifunguliwe, au ikate tamaa. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha mbinu hiyo mahali penye simu nyingi za zamani, ni lazima kuhesabu simu, si ruta.

IEEE ilijaribu kuleta mazungumzo kati ya pande mbili. Nyongeza ya 802.11k ya mwaka 2008 huiwezesha ruta kuipa simu orodha ya vituo jirani ili isihangaike kuvitafuta, 802.11r ya mwaka huohuo hufupisha uthibitishaji wakati wa kuhama; 802.11v ya mwaka 2011 huiruhusu ruta kuishauri simu ihame. Kuishauri, si kuiamuru. Simu ina haki ya kukataa. Tena zipo simu za zamani ambazo zikikuta 802.11r imewashwa hushindwa kabisa kujiunga. Nyongeza ya 802.11s, pia ya mwaka 2011, ni jambo jingine: inahusu namna vituo vyenyewe vinavyopelekeana data, na mara nyingi huchanganywa na kuhama kwa simu katika maandiko ya zabuni.

Uthibitishaji, vocha na umeme

Kuhama kwenyewe, pale nenosiri moja linapotumika, huchukua milisekunde chache za makumi. Hali hubadilika ikiwa kila kuhama kunahitaji kibali kutoka seva iliyo ng’ambo, na njia ya kuifikia ni kiungo cha redio chenye msongamano. Mwanafunzi akitoka darasani kwenda barazani huku akisikiliza mhadhara, sauti hukatika kwa muda unaotosha kupoteza sentensi nzima. Seva ya uthibitishaji iliyo ndani ya kambi, hata kompyuta ndogo tu, huondoa safari hiyo.

Tatizo la vocha halionekani upesi. Mifumo mingi ya kuuza intaneti kwa saa huitambua simu kwa anwani ya redio yake. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hubuni anwani tofauti kwa kila jina la mtandao. Mwenye mtandao akivipa vituo vyake majina tofauti, mteja aliyelipa kwenye kituo cha sokoni hufika kwenye kituo cha shuleni akiwa mgeni, na anadaiwa tena. Mteja huona wizi. Muuzaji huona mteja mkorofi. Jina moja kwa vituo vyote lingeumaliza ugomvi huo.

Kuhusu umeme, kituo kimoja kikizimika, simu zake hukimbilia kilicho mbali na kuzungumza nacho kwa kasi ya chini kabisa. Kifaa kinachotuma kwa megabiti 1 kwa sekunde huchukua muda wa hewani takriban mara 54 ya kile kinachotuma ujumbe uleule kwa megabiti 54. Simu moja iliyo pembeni huwachelewesha wote walio karibu na ruta. Betri ya kituo cha katikati ya wavu ina thamani kuliko ruta mbili mpya, na kuzifunga kasi za chini za bendi ya 2.4 hakugharimu chochote.

Masuala ya sera

Ukanda huu una uzoefu wa kuunganisha kambi kwa redio. BOSCO ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilianza mwaka 2007 kupeleka intaneti inayotumia nishati ya jua katika kambi za waliofurushwa na vita. Zomba, mwaka 2013, ilikuwa uwanja wa majaribio ya kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Miradi hiyo ilijibu swali la namna ya kuifikisha intaneti kijijini au kambini. Swali la mita hamsini za mwisho, baina ya ruta na mkono wa mtu anayetembea, ni la aina nyingine, na halimo katika vigezo vingi vya kupokelea miradi.

Mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano ya Malawi, MACRA, tayari huidhinisha aina za vifaa vinavyoingia nchini, na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2016 iliweka mfuko wa huduma kwa wote. Mfadhili au mshauri anayetumia fedha za namna hiyo anaweza kuongeza sharti moja katika mkataba: kabla ya malipo ya mwisho, mtu atembee kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho akiwa kwenye mazungumzo, kwa simu tatu za bei ya chini zinazouzwa katika soko la Dzaleka na si kwa simu ya mkandarasi, na iandikwe kila simu ilihama wapi, kwa bendi gani, na sauti ilikatika kwa muda gani. Jaribio hilo lirudiwe kituo cha katikati kikiwa kimezimwa. Linahitaji asubuhi moja.