Mkanda wa kumnyamazisha mbwa: Jua kilichomo ndani kabla ya kuuvusha mpakani

Mbwa wa ghala anapobweka usiku, kuna watu wawili wanaomsikia. Mwenye mzigo hugeukia upande wa pili akaendelea kulala, kwa kuwa anajua mlinzi wake yuko macho. Jirani yake huamka, akakaa kitandani kusubiri kupambazuke. Kati ya watu hao wawili ndipo ilipopata nafasi biashara ya mkanda wa shingoni wenye umeme: kifaa anachovalishwa mbwa ili anyamaze, au ili amtii bwana wake aliye mbali.

Mikanda hiyo huuzwa mtandaoni kwa bei za kila namna. Ni midogo, ni myepesi, haiozi, na boksi moja huingia mingi. Kwa mtu anayeishi kwa kuvusha bidhaa mipakani, hizo ni sifa za bidhaa nzuri. Lakini chini ya jina hilo moja kuna vifaa kadhaa visivyofanana kabisa kwa namna vinavyofanya kazi. Anayenunua bila kujua tofauti hizo anaweza kumuuzia mteja kitu kitakachomharibia mlinzi, au akaacha mzigo wake wote forodhani.

Ulikoanzia

Habari ya mikanda hii inaanzia Marekani katika miaka ya 1960, tena si mjini bali porini. Wawindaji walikuwa na mbwa hodari wa kufuata harufu, lakini mbwa akishaanza kumkimbiza mnyama asiyetakiwa, wala filimbi wala kelele hazikumrudisha. Dawa iliyobuniwa ikawa kufunga shingoni mwa mbwa kipokezi cha redio chenye vijiti viwili vifupi vya chuma vinavyogusa ngozi. Bwana akibonyeza kitufe mkononi, mbwa anapigwa shoti. Mojawapo ya kampuni zilizoijenga biashara hiyo ni Tri-Tronics ya Tucson, Arizona, ambayo mwaka 2011 ilinunuliwa na Garmin, kampuni inayofahamika zaidi kwa vifaa vya kuonyesha njia kwa setilaiti.

Kasoro ya vifaa vya mwanzo ilikuwa ugumu wa kupima dozi. Mbwa mwoga na mbwa sugu walipata shoti ileile. Wabunifu waliofuata wakaweka ngazi za nguvu kwenye rimoti, kisha mlio wa kuonya na mtetemo, ili umeme uwe hatua ya mwisho. Wakaongeza pia namba za siri kati ya rimoti na mkanda, ili mkanda utii rimoti yake peke yake na si ishara nyingine yoyote inayopita hewani.

Mwaka 1973 Richard Peck, Mmarekani aliyekuwa mchuuzi wa kusafiri, alipata hataza ya uzio usioonekana. Alikuwa amechoshwa na kuona mbwa waliogongwa na magari kwenye barabara alizopita. Katika mfumo huo waya hufukiwa ardhini kuzunguka kiwanja na kutoa ishara ya redio. Mbwa aliyevaa mkanda akikaribia waya, mkanda unalia. Akiendelea mbele, anapigwa shoti. Leo kuna mikanda inayofanya kazi hiyo bila waya, ambapo mwenye mbwa huchora mpaka kwenye simu na setilaiti ikafanya kazi ya kuulinda.

Nani amebweka?

Mkanda wa kuzuia kubweka una tatizo ambalo mkanda wa rimoti hauna. Hapa hakuna mtu anayebonyeza kitufe. Kifaa chenyewe ndicho polisi, ndicho shahidi, ndicho hakimu. Kazi kubwa ya wabunifu imekuwa kujibu swali moja: mkanda utajuaje kwamba aliyebweka ni mbwa huyu?

Njia rahisi ni kuweka maikrofoni. Lakini maikrofoni husikia kila kitu: mbwa wa jirani, honi ya lori, geti linalofungwa kwa kishindo. Mbwa aliyelala kimya anaweza kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Njia ya pili ni kitambuzi kinachogusa koo na kuhisi mtetemo wa sauti inapotoka. Hiyo ni nafuu zaidi kwa mbwa, ingawa akijikuna au akijisugua kwenye ukuta mkanda unaweza kudanganyika. Njia ya tatu huunganisha zote mbili, kwamba umeme usitoke mpaka mtetemo wa koo na sauti ya kubweka vije kwa pamoja. Mikanda iliyo bora huanza na nguvu ndogo ikipanda taratibu, na hujizima kwa muda ikiwa mbwa amebweka mara nyingi mfululizo, ili asiendelee kupigwa bila kikomo.

Wengine waliacha umeme kabisa. Mkanda wa kupuliza una kichupa kidogo, na mbwa akibweka unampulizia karibu na pua mvuke wa mafuta ya mmea wa jamii ya mchaichai. Harufu na sauti ya kupuliza humshtua, akanyamaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilinganisha mkanda huo na ule wa shoti na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Mbwa waliopimwa walikuwa chini ya kumi, lakini wenye mbwa waliridhika zaidi na ule wa kupuliza. Kasoro yake mfanyabiashara ataiona mara moja: kichupa huisha. Muuzaji asiyeuza na dawa ya kujazia anauza kitu chenye maisha mafupi.

Kuna pia vifaa vinavyotoa mlio mkali ambao binadamu hausikii. Sikio la mtu huishia kwenye kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika kiasi cha 45,000. Hapa tatizo ni la uaminifu wa muuzaji, maana mnunuzi hawezi kujua kwa masikio yake kama kifaa kinalia au kimekufa.

Mlinzi anajifunza nini?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ilivyo kwa mbwa. Hajui kwamba shoti imetoka kwenye mkanda kwa sababu ya sauti yake. Anachojua ni kilichokuwa mbele ya macho yake alipoumia. Kama alikuwa anamtazama mtoto anayepita, anaweza kujifunza kwamba watoto wanaumiza.

Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa mbwa 32 wa aina ya German Shepherd waliokuwa wakifundishwa kazi ya ulinzi. Waliofundishwa kwa shoti walionyesha dalili za hofu hata nje ya uwanja wa mafunzo, walipokuwa wakitembezwa tu na bwana wao. Kwao bwana mwenyewe alikuwa amegeuka kuwa dalili ya maumivu. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Lincoln kilichunguza mbwa 63 wenye tabia ya kutorudi wanapoitwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliofundishwa kwa mkanda wa umeme hawakuwashinda waliofundishwa kwa zawadi ya chakula na sifa, ila walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo.

Sheria zimefuata mkondo huo, kila nchi kwa mwendo wake. Ujerumani, mahakama kuu ya masuala ya utawala iliamua mwaka 2006 kwamba kumfundisha mbwa kwa shoti ni marufuku. Wales ilipiga marufuku matumizi ya mikanda hiyo mwaka 2010. Austria, Uswisi, Denmark, Norway na Sweden nazo zimeikataa. Nchini Marekani bado inauzwa, lakini Petco, moja ya kampuni kubwa za maduka ya bidhaa za wanyama, ilitangaza mwaka 2020 kwamba inaacha kuuza mikanda ya shoti inayoendeshwa kwa rimoti.

Mfanyabiashara ayasome hayo kwa jicho la soko. Bidhaa inayofungiwa milango upande mmoja wa dunia hutafuta milango mingine, na bei inayoshuka ghafla huwa na sababu yake.

Kwenye geti la mpaka

Kosa la kwanza analoweza kufanya mfanyabiashara mdogo ni kudhani kwamba mkanda wa umeme utapita kama mkanda wa ngozi. Huo una betri, una saketi, na ule wa rimoti una redio ndani yake. Wakala wa forodha aelezwe hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa jina lisilo sahihi kwenye hati ndilo huzaa ubishi.

Kosa la pili ni kutegemea utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu huo, wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Risiti ya duka la Nairobi au la Kariakoo haiufanyi mkanda uliotoka China kuwa wa Afrika Mashariki.

La tatu ni masafa. Kifaa chochote kinachorusha mawimbi ya redio kiko chini ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika, iwe TCRA Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano Kenya au UCC Uganda, nazo hutaka vifaa vya namna hiyo vithibitishwe kabla ya kuingizwa sokoni. Kuna mtego mmoja hapa. Masafa kati ya megahezi 902 na 928 huko Marekani ni ruksa kwa vifaa vidogo vya nyumbani, na baadhi ya mikanda imetengenezwa kwa masafa hayo. Afrika na Ulaya ziko katika kanda nyingine ya mgawanyo wa masafa duniani, na sehemu ya masafa hayo hutumiwa na simu za mkononi. Vifaa vidogo vya kanda yetu mara nyingi hutumia megahezi 433. Kwa hiyo namba iliyoandikwa nyuma ya rimoti isomwe kabla ya kulipia.

La nne ni betri. Mizigo ya ndege yenye betri za lithiamu ina masharti ya kufungashwa na kutamkwa, hata kama betri imo ndani ya kifaa. Anayeagiza kwa ndege bila kulitaja hilo anaweza kukuta mzigo wake umezuiwa kabla haujaondoka.

Tena kuna sheria za wanyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, na ile ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, zote zinafanya kumtesa mnyama kuwa kosa. Mkanda ulioachwa shingoni siku nyingi hutoboa ngozi na kuleta vidonda. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji wengi hutaka uvuliwe kila siku na shingo ikaguliwe. Muuzaji anayempa mteja mkanda bila kumweleza hayo anamwachia mzigo wa kosa.

Swali la kumuuliza mteja

Mwenye duka anapoulizwa mkanda wa kuzuia kubweka, swali la kwanza la kumrudishia mteja ni hili: mbwa wako anabweka kwa nini? Mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa hubweka kwa uchovu na upweke. Mwenye njaa au kiu hubweka. Anayeona watu wakipita kupitia uwazi wa geti hubweka, na bati moja la kuziba uwazi huo linaweza kumnyamazisha kwa bei ndogo kuliko mkanda wowote.

Yupo pia anayebweka kwa sababu kuna mtu kwenye ukuta. Huyo ndiye mbwa aliyenunuliwa kwa kazi hiyo. Mkanda hauwezi kutofautisha kelele za bure na kengele ya hatari, kwa kuwa kwenye koo zote mbili hutetemeka sawasawa. Ukimvalisha usiku mlinzi wa ghala, umemwadhibu kwa kazi uliyomwajiri. Jirani atalala vizuri, na mwizi naye atapita bila kusumbuliwa. Asubuhi mteja atarudi dukani kueleza kwamba mkanda umefanya kazi barabara, ila mzigo haupo.